Dume Mla Dizeli

Ieleweke kwanza, kama ilivyoagizwa ieleweke, kwamba umeme wa ukumbi wa mji wa Babati ni volti mia mbili na thelathini. Tangazo la Kamati ya Umeme na Sherehe, lililobandikwa ukutani karibu na mlango mwanzoni mwa mwaka 1984 na kusomwa hadharani kwa kipaza sauti cha betri, lilisema hivyo bila kupepesa macho: umeme ni volti mia mbili na thelathini, haujapungua, haupungui, na mwananchi anayeona globu zimefifia anashauriwa kwenda kupimwa macho.

Kamati haikuwa na hila. Mwaka ule karibu kila kitu kilikuwepo kwa tangazo. Sukari ilikuwepo, sabuni ilikuwepo, na tairi za malori zilikuwa njiani tangu mwaka uliotangulia. Umeme ulikuwa afadhali kuliko wenzake kwa sababu angalau ulionekana, hata kama ulionekana mwekundu kama kaa la mkaa linalokaribia kuwa jivu. Ulitoka kwenye jenereta kuukuu iliyokaa kibandani nyuma ya ukumbi, ikinyweshwa dizeli iliyoongezewa mafuta ya taa. Aliyeitunza ni Kipuyo, mtu mrefu wa Kiteto, ambaye aliisemesha mashine ile kwa maneno ambayo kwao huambiwa ng'ombe anayekataa kuvuka mto.

Katika ukumbi huo ndimo alimopiga gitaa Egidius wa Singe.

Siku za kazi Egidius alikuwa mpimaji kwenye ghala la mazao. Wakulima walileta mahindi na mbaazi. Yeye alisogeza jiwe la mizani, akasoma, akasema kilichosomeka. Sifa yake ilikuwa hiyo tu, na kwa miaka ile haikuwa sifa ndogo. Gunia likija limeandikwa kilo tisini ubavuni kwa rangi nyekundu, hakulibishia. Alilipandisha mizanini. "Gunia nalo lina haki ya kujisemea," alizoea kusema, "lakini tunaandika la mizani." Walikuwepo waliomchukia kwa sababu ya magunia yao, na walikuwepo waliomchukia kwa sababu ya mizani zao. Hakuwepo aliyesema kwamba Egidius amewahi kumpunja.

Jumamosi alikuwa mpiga solo wa Kwaraa Roki, bendi iliyopewa jina la mlima na iliyopiga roki katika mji ambao wengi waliamini kwamba roki ni rumba iliyokosa malezi. Gitaa lake lilipita kwenye amplifaya iliyoitwa Dume, na jina hilo halikutokana na majigambo ya wanamuziki.

Mkewe, Seleina, alizaliwa mbugani Simanjiro. Alipoolewa na Egidius, Mkatoliki wa ukoo wa wakulima mwenye asili ya Mbulu, baba yake alishangaa kwa muda unaostahili, kisha akampa dume la ng'ombe aondoke nalo. Baadaye mzungu mmoja mwenye shamba katika Bonde la Kiru alifunga virago na kupanga vitu vyake barazani: viti, bunduki isiyo na risasi, bafu la chuma, na sanduku moja lenye kishikio cha ngozi. Egidius alilijua sanduku lile ni nini. Alirudi Singe akamwuliza mkewe kama dume lingeweza kubadilishwa na sanduku lile. Seleina aliwaza siku nzima, akakubali kwa sharti moja: kitakachokuja kiitwe kwa jina la kilichokwenda.

"Kwa nini?" aliuliza Egidius.

"Usije ukasahau uliyemtoa," alisema.

Kwa hiyo mazungumzo ya nyumba ile, kwa mpita njia asiyejua, yalikuwa ya wafugaji.

"Dume amelala wapi leo, Baba Jovita?"

"Ukumbini."

"Amekula?"

"Kipuyo amempa dizeli."

"Wetu alikula majani tu."

Dume alikuwa wa zile amplifaya za zamani zisizotumia transista bali vali, yaani vichupa vya kioo vyenye nyaya ndani, ambavyo huwaka rangi ya chungwa na kupata joto la kuchemshia uji. Babati hapakuwa na mtu wa kusema vali. Ziliitwa taa, na neno hilo lilileta msiba wake. Taa moja ilipoungua, Egidius alimwagiza dereva wa lori la mbaazi: "Ukifika Arusha niletee taa ya amplifaya." Dereva alikuwa mtu mwaminifu. Alizunguka maduka yote, akarudi na taa ya chemli, kamili, kioo na utambi. Alieleza kwamba za amplifaya wamekwishiwa, ila hii ilikuwa ya mwisho dukani na alipigana nusura achaniwe shati. Seleina aliipokea kwa mikono miwili. Ikawa ndiyo kitu pekee chenye kuwaka ambacho muziki uliwahi kuleta nyumbani kwake.

Taa ya Dume ilipatikana hatimaye ndani ya redio kubwa ya mbao ya katekista mmoja wa Bonga, redio iliyokuwa imenyamaza kwa muda mrefu lakini ambayo taa zake zilikuwa bado na uhai. Katekista aliitoa kwa sharti kwamba Dume asipigwe wakati wa Kwaresima. Egidius alikubali, na alilishika sharti hilo hata bendi ilipoalikwa kwenye harusi ya Waislamu.

Isidhaniwe kwamba alimpenda Dume kwa upofu. Alikuwa mtu wa mizani. Wakati fulani aliomba ruhusa kazini, akapanda lori hadi Arusha, akaomba kuingia kwenye mazoezi ya bendi ya hoteli moja iliyokuwa na amplifaya kubwa, ya taa nne nene kama mahindi mabichi. Walimwachia apige nyimbo mbili. Aliporudi, wenzake walimzunguka ukumbini.

"Ni kubwa," alisema.

"Kuliko Dume?" aliuliza Hilary, mwimbaji, ambaye kaka zake wote walikuwa wafupi na ambaye hakuwahi kukutana na kitu kikubwa akakikataa.

"Kuliko wewe."

"Sasa?"

"Ile haitoki jasho. Unaongeza, inakupa sauti. Unaongeza, inakupa sauti. Safi, imenyooka, kama mtu anayesoma risala. Ili ianze kukwaruza inabidi uwe na ukumbi wa kubomoa. Dume taa zake nyembamba. Ukimgusa polepole ananong'ona, ukimchapa anakoroma. Unamwongoza kwa vidole, huna haja ya kugusa vitufe."

"Kwa hiyo umekwenda Arusha kuangalia nzuri, umerudi kuisifia mbovu."

"Nimerudi kuisifia ndogo."

"Ndogo ni mbovu iliyopelekwa shule," alisema Hilary, na bendi ikacheka, Egidius akiwemo.

Mwishoni mwa mwaka 1983 mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa. Miezi michache baadaye Halidi, mfanyabiashara wa Maisaka, alileta kutoka Nairobi amplifaya mpya ya transista. Ilikuwa nyeusi, yenye mistari ya fedha na vitufe vingi kuliko sababu za kuvizungusha, na mbele iliandikwa kwa herufi nene: wati mia. Dume alikuwa na wati kumi na tano, na hata hizo hazikuandikwa popote. Mzungu alizitaja kwa mdomo. Hilary aliipapasa ile nyeusi kama mtu anayepapasa paja la farasi.

Kamati nayo ilikuwa na shida yake. Dizeli ilitolewa kwa kibali, na kibali kilitolewa kwa huruma. Mzee Aminiel, mwenyekiti, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na mtu wa haki kadiri alivyojaliwa, alitoa uamuzi kwamba jenereta italisha amplifaya moja tu ya gitaa. Zitashindanishwa Jumamosi mchana mbele ya Kamati. Itakayoshinda itakuwa amplifaya ya ukumbi, itakayoshindwa itoke.

Halidi alikwenda ghalani kwa Egidius kama muungwana.

"Kaka, mashindano ni mashindano," alisema. "Lakini likishindwa hilo sanduku lako usilihangaikie. Ndani lina shaba nzuri, naweza kusukia upya nyaya za mota. Nitalichukua, nikupe mtamba."

Egidius alimfikishia mkewe habari hiyo jioni ileile, kwa sababu ilikuwa haki yake kuijua.

"Mtamba huzaa," alisema Seleina.

"Najua."

"Dume hajazaa."

"Najua, Mama Jovita."

Seleina alikoroga ugali kwa muda. "Basi shinda," alisema, "au niletee mtamba. Usiniletee maelezo."

Jumamosi ilipofika, Seleina alikuja ukumbini na kamba ya kufungia ng'ombe. Aliketi nayo mapajani, karibu na mlango, na kila mtu aliyeingia aliiona.

Ndani ya ukumbi mambo hayakuchukua muda. Egidius alipiga wimbo mmoja kwa amplifaya ya Halidi, kisha wimbo uleule kwa Dume, bendi ikimsindikiza. Alipiga kwa bidii sawa, na hata Halidi alikiri hivyo. Ile nyeusi ilitoa sauti iliyojaa hadi kwenye mabati. Vumbi lilishuka kutoka kwenye kenchi. Dume alifuata, akasikika kama mtu mzima anayezungumza baada ya mkutano wa hadhara. Hilary aliwatazama Kamati kwa macho ya mtu aliyekwishaandika barua ya pongezi. Mzee Aminiel alivua miwani ili atamke.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema Seleina pale mlangoni.

"Marahaba, Mama Jovita."

"Mmekwisha kusikiliza?"

"Tumekwisha."

"Mmesikilizia wapi?"

"Humu humu."

"Humu humu," alirudia Seleina, bila ubaya. "Kwetu kengele ya ng'ombe hainunuliwi ukiwa umesimama nayo. Mmoja anaitikisa, mnunuzi anaondoka. Anakwenda, anakwenda, mpaka pale ambapo ng'ombe wake angeweza kufika. Hapo ndipo anasikiliza. Ng'ombe hapotelei karibu."

"Mama, sisi tunapiga dansi," alisema Hilary. "Hatuchungi."

"Na wanaokuja kucheza, mnawaita kwa barua?"

Kila mtu alijua jinsi dansi la Babati lilivyotangazwa. Bendi ilianza kupiga kukiwa na mwanga bado, na watu wa Bonga, wakisikia, walinawa miguu. Mahudhurio yakipungua, Kamati iliulizwa. Mzee Aminiel alirudisha miwani usoni.

"Twende darajani," alisema.

Egidius alibaki ukumbini na bendi. Wengine walishika barabara ya Dodoma kwenda upande wa Bonga: Kamati mbele, Halidi na Hilary nyuma yao, Seleina pembeni na kamba yake begani. Makubaliano yalikuwa yaleyale: wimbo uleule, kwanza ile nyeusi, kisha Dume.

Ni lazima kusema neno juu ya wimbo huo. Ulikuwa wa bendi yenyewe, na mwishoni mwa kiitikio ulikuwa na mahali ambapo Egidius alichelewa. Kidole chake cha tatu kilikuwa kimewahi kubanwa na jiwe la mizani, na pale hakikuwahi kufika kwa wakati. Alikuwa amekwisha kujaribu vidole vingine, akaviona havina adabu. Bendi ilijua, na wachezaji wa Babati walikuwa wamejifunza kuchelewa pamoja naye. Mgeni alitambulikana hapo kwa kuwahi.

Darajani walisimama. Wati mia zilifika zikiwa zimechoka. Ilisikika ngoma, ikasikika mluzi mwembamba ambao huenda ulikuwa gitaa, kisha mvumo kama wa nyuki ndani ya debe. Halafu kimya. Halafu nyuki tena.

"Kuna kitu," alisema Halidi. "Ile haiko hivyo."

Walisubiri.

Dume alipoanza, hakuwa na kishindo. Sauti yake ilikuja chini chini kando ya barabara, nene, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu anayeimba akiwa na mafua na asijali. Lakini kila noti ilifika na miguu yake. Mwanamke aliyekuwa anachota maji chini ya daraja aliweka ndoo, akasikiliza, akaanza kutikisa bega moja. Wimbo ulipanda, ukafika kwenye kiitikio, ukaelekea mwisho wake. Mzee Aminiel, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama kwenye sala, aliinua kidole.

"Amechelewa," alisema.

"Palepale," alisema Hilary, akiwa amesahau alikuwa upande gani.

Seleina alikuwa anakunja kamba.

Waliporudi, Halidi hakwenda kwenye amplifaya. Alikwenda moja kwa moja kwenye mita ya volti iliyofungwa ukutani karibu na mlango, akaegemeza kidole kwenye kioo.

"Ndugu Mwenyekiti, njoo uone. Mshale umeshuka, sasa uko kwenye mia na themanini na tano. Chombo changu kimetengenezwa kwa mia mbili na thelathini. Umeme ukishuka hivi kinajizima chenyewe ili kisiungue. Hakikushindwa. Kilinyimwa chakula."

Mzee Aminiel aliitazama mita kwa muda. Kisha aliinua macho kidogo, pale juu yake lilipobandikwa tangazo, lenye sahihi yake mwenyewe.

"Ndugu Halidi," alisema kwa upole, "hapa juu pameandikwaje?"

"Naona."

"Basi. Umeme ulikwisha kutangazwa. Siwezi kupokea lalamiko juu ya kitu ambacho hakipo."

Ndipo Egidius aliposhuka jukwaani, gitaa likiwa bado shingoni, akasimama mbele ya mita. Alisoma kama alivyosoma kila siku ya kazi.

"Halidi anasema kweli, Mwenyekiti," alisema. "Umeme ni mdogo. Hata taa za Dume zimefifia, na ndiyo sababu anaimba vile. Umeme ukijaa anakuwa mkavu kidogo. Mpe mwenzangu siku nyingine, yenye umeme kamili, tupige tena."

Hilary alimvuta shati. "Egidi, umeshinda. Nyamaza."

"Nimesoma tu."

"Nani amekuomba usome?"

Lilikuwa ombi la haki, na lilimweka Mzee Aminiel mahali pabaya kuliko Halidi alivyoweza kumweka. Mtu mmoja angeweza kuitwa mlalamishi. Wawili, na wa pili akiwa mshindi, walikuwa ushahidi. Lakini kutoa siku nyingine yenye umeme kamili ni kukiri kwamba kuna siku ambazo si hizo. Mzee alisafisha miwani, akaitazama kamba ya Seleina, akamtazama Egidius kwa namna ambayo wazee wa kanisa huwatazama vijana wanaosoma Biblia sana.

"Umeme ni kamili kila siku," alisema. "Kwa hiyo na leo ulikuwa kamili. Dume abaki."

Halidi alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, akampa Egidius mkono. "Kaka, wewe ukija kuwa wakili wangu tena, nitakuomba unishtaki," alisema. Aliiuza ile nyeusi kwa hoteli moja ya Arusha, ambako umeme ulikuwepo, na inasemekana ilifanya kazi vizuri sana. Egidius alikuwa wa kwanza kuisifia. Mtu akimwambia kwamba amplifaya ya Halidi ilikuwa mbovu, alimkatiza: haikuwa mbovu, ilikuwa mgeni.

Walirudi Singe kwa miguu, kamba ikiwa imekunjwa vizuri mkononi mwa Seleina.

"Ungekaa kimya kule mlangoni," alisema Egidius, "sasa hivi tungekuwa tunaswaga mtamba."

"Na wewe ungekaa kimya kwenye mita, nisingeona aibu kumhesabu mtamba niliyemkosa."

"Habari ya kengele uliwaambia ya nini?"

"Ndivyo kengele inavyosikilizwa." Alikwenda hatua kadhaa. "Na yule dume wetu alikuwa na sauti. Baba alimchagua kwa sauti. Nikimtoa kwa sababu ya watu waliosikiliza wakiwa ndani ya nyumba, baba atasikia huko Simanjiro."

"Kwa hiyo unampenda."

"Nimesema ana sauti, Baba Jovita. Maziwa hana."

Kwaraa Roki iliendelea kupiga kwa miaka kadhaa, Kwaresima ikiheshimiwa, na watu wa Bonga walinawa miguu kila Jumamosi iliyokuwa na dizeli. Kidole cha tatu hakikupona. Egidius aliendelea kupandisha magunia na kusoma, na ghala lilipopata meneja mpya, meneja huyo aliambiwa siku ya kwanza kwamba mizani haina shida ila mpimaji ndiye asiyeweza kurekebishwa.

Tangazo nalo halikuondolewa. Lilipochanika liliandikwa upya, kwa herufi kubwa zaidi: volti mia mbili na thelathini. Chini yake, kwenye kioo cha mita, kuna mstari mwembamba wa rangi nyekundu ambao Kipuyo alichora kwa ombi la Egidius, ajue Jumamosi aiache mashine ishuke mpaka wapi. Mstari uko kwenye mia na themanini na tano.